Msimamo wa Pili: Heshima ya Mwanamichezo wa Chuo Anayewatumikia Watu



Wazee wetu wa Kitanga, nanyi wanachuo mliotoka Kasulu na Kibondo, nimeombwa niseme juu ya michezo vyuoni. Nitaanza na usiku mmoja wa masika, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa mwalimu wa michezo katika chuo kimoja cha nyanda hizi. Kesho yake tulikuwa na fainali. Vijana walikuwa wamelala mapema, viatu vimeshapigwa brashi na kupangwa mlangoni. Saa tano usiku mzee mmoja akafika getini, amelowa chapachapa. Binti yake alikuwa na uchungu tangu asubuhi katika kitongoji cha ng'ambo ya mto, mtoto hashuki, na gari halipiti kwa sababu daraja la miti limechukuliwa na maji. Alikuwa anatafuta mabega.

Waliamka vijana wanane. Mnaijua machela ya huku kwetu: miti miwili, blanketi, kamba za katani, na watu wanne kwa zamu. Wanne hubeba, wanne hutangulia na tochi, wakikanyaga tope kwanza ili wajue panapoteleza. Kipa wetu, kwa urefu wake, alisimama katikati ya mto, maji yakimfika kifuani, akiupokea mti wa mbele na kuuvusha kwa mwenzake. Walifika zahanati alfajiri. Mama alijifungua salama. Wakarudi chuoni, wakanywa uji, na saa tisa alasiri wakaingia uwanjani. Tulifungwa 3 kwa 1.

Jioni ile mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti. Karatasi ya zawadi ilikuwa mkononi mwangu: bingwa, mshindi wa pili, mfungaji bora, kipa bora, timu yenye nidhamu. Nilisoma mstari kwa mstari, mgeni rasmi akatoa mikono, watu wakapiga makofi. Habari ya usiku nilikuwa naijua. Mwenyekiti wa kitongoji alikuja asubuhi akanieleza yote, machozi yakimlengalenga. Lakini karatasi haikuwa na mstari wa kuwaweka wale wanane, na mimi sikuuongeza. Kipa bora akawa wa timu nyingine. Wetu alikaa kwenye nyasi, miguu imevimba, akiwapigia wenzake makofi.

Kosa lile ni langu, na limenifundisha jambo ninalotaka kuwaachia leo. Kijana anakwenda kule ambako jamii yake inahesabu. Tukihesabu mabao peke yake, tutapata wafunga mabao. Tukitaka wanamichezo wanaowabeba watu, lazima kubeba watu kuwe na mstari wake kwenye karatasi, kusomwe kwa sauti, mbele ya watu walewale, siku ileile ya kombe.

Wapo waliokwisha kulifanya hili. Katika vyuo vya Marekani kuna mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Ni mchezo wa kasi na wa kugongana, na wachezaji wake wanapewa sifa kubwa. Tangu miaka ya 1990 vyuo hivyo vina tuzo ya kila mwaka, inayotolewa wakati wa fainali za taifa, kwa mchezaji mmoja wa kiume au wa kike aliyewatumikia watu wa mahali pake. Mabao hayaulizwi. Anayechezea chuo kidogo kisichofika fainali anaweza kuitwa mbele ya umati wa fainali akapewa heshima hiyo.

Sisi nasi tuna historia na mpira wa magongo, ule wa kwenye nyasi. Mwaka 1980 Tanzania ilipeleka timu ya wanaume kwenye Olimpiki ya Moscow. Timu zilikuwa sita, sisi tukawa wa sita, na India waliochukua dhahabu walitufunga 18 kwa 0. Namba hiyo bado imeandikwa katika vitabu vya kumbukumbu, na itaendelea kuandikwa. Vijana wale walipokuwa nyumbani walimfundisha nani, walimsaidia nani, waliacha nini mtaani kwao? Vitabu hivyo havina mstari wa mambo hayo. Ndiyo karatasi yangu ileile, imekuwa kubwa tu.

Sasa twendeni jirani, Nairobi, katika mtaa wa Mathare. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa akifanya kazi za mazingira, alishirikiana na vijana wa hapo kuanzisha chama cha michezo kinachojulikana kwa herufi MYSA. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi na nailoni kando ya lundo la taka. Mapatano yalikuwa mepesi kueleweka: chama kitaleta mipira, marefa na ratiba, ninyi mtasafisha mtaa wenu. Waliokoma hapo ni wengi, kwa sababu usafi wa kuhimizwa kwa hotuba hudumu wiki mbili. MYSA walikwenda hatua moja zaidi. Usafi waliuingiza kwenye msimamo wa ligi. Timu ikitoka na majembe, mikokoteni na reki ikazibua mitaro, inapata pointi. Timu isiyotokea siku yake ya usafi inapoteza pointi. Mwisho wa msimu hakuna bingwa aliyefunga mabao tu. Bingwa amefunga mabao na amezibua mitaro.

Tafakarini nguvu ya jambo hilo. Nahodha anayetaka ubingwa analazimika kuwaamsha wenzake Jumamosi asubuhi kwenda kwenye mtaro, kwa hamu ileile anayowaamshia mazoezi. Mama anayeuza mboga karibu na mtaro ule anaijua timu kwa jina, na Jumapili anakwenda kuishangilia. Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, uliitunuku MYSA heshima ya Global 500. Na asiwepo wa kudhani kwamba kazi ya mitaro inadhoofisha mpira: kutoka katika chama hicho ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya.

Jambo la pili la MYSA linawahusu ninyi wanachuo moja kwa moja. Wana tuzo ya uongozi kwa vijana wanaojitolea: anayewafundisha wadogo, anayechezesha mechi kama refa, anayeongoza usafi, anayewaelimisha wenzake kuhusu Ukimwi. Anayekusanya pointi nyingi hulipiwa ada, na fedha inakwenda shuleni kwake. Kombe huliwa na kutu kwenye kabati. Ada inamvusha mtoto kidato. Heshima ya namna hiyo inamwambia kijana kwamba kazi yake imeonekana, na wakati huohuo inampa uwezo wa kuendelea kuifanya.

Heshima inaweza pia kuchelewa. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, Waafrika Mashariki wawili walikimbia siku moja. Kipchoge Keino wa Kenya, akiwa na maradhi ya nyongo, alishinda dhahabu ya mita 1500. John Stephen Akhwari wetu, mtu wa Mbulu, alianguka katika mbio za marathoni, goti likaumia, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani akichechemea, watazamaji wengi wameshaondoka, akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali kote kule aanze mbio, ilimtuma azimalize. Mmoja alikuwa wa kwanza, mwingine wa mwisho, na Afrika Mashariki inawakumbuka wote wawili.

Angalieni heshima ilivyowafuata. Akhwari alitunukiwa nishani ya ushujaa na taifa lake mwaka 1983, miaka 15 baada ya siku ile. Keino alirudi Eldoret, na pamoja na mkewe Phyllis wakafungua mlango wa nyumba yao kwa watoto yatima, mmoja baada ya mwingine, wakawalea kwa miaka mingi, wakajenga na shule. Mwaka 2016, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio de Janeiro, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo yake ya Laureli, iliyowekwa kwa ajili ya waliotumia michezo kuleta elimu, utamaduni, maendeleo na amani. Dunia nzima ikitazama, aliyepanda jukwaani kuipokea alikuwa Keino. Wakati huo hakuna aliyemuuliza habari za sekunde. Ilihesabiwa nyumba ya watoto.

Lakini angalieni umri wake. Alikuwa mzee wa miaka 76. Tusimsubirishe kijana mpaka nywele ziwe nyeupe ndipo tumwambie asante. Heshima inayokuja mtu akiwa chuoni inamwelekeza. Inayokuja uzeeni inampongeza tu.

Hapa kwetu mpakani kuna utumishi ambao Nairobi hawaujui kama sisi. Kambi ya Nyarugusu ipo Kasulu tangu 1996, ilipopokea ndugu zetu waliokimbia vita vya Kongo. Nduta, huko Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipovuka kwa maelfu. Wazee mlioko hapa mmepokea watu katika nyakati zaidi ya moja, mmegawana nao mihogo na maharage, na mmegombania nao kuni na maji. Michezo ina nafasi yake katika habari hiyo. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alianzisha taasisi yake ya amani mwaka 2003, akawa anaandaa mbio zinazowakutanisha vijana wa jamii za wafugaji zilizokuwa zikinyang'anyana mifugo kwa bunduki. Mwaka 2016 ndiye aliyeiongoza timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki, wanamichezo 10, na watano kati yao, wakimbiaji waliozaliwa Sudan Kusini, walitoka kambi ya Kakuma. Mchezaji wa chuo chetu anayekwenda kwa kibali kuwafundisha watoto wa kambini mpira wa pete, au kuchezesha mechi kati ya watoto wa kijiji na watoto wa wakimbizi, anafanya kazi ya amani. Naye anastahili mstari.

Sasa niseme na wazee, maana heshima haikuletwa hapa na michezo. Nchi yetu ya Buha, yaani Heru, Muhambwe na Buyungu, ilikuwa na njia zake za kumtukuza mtu. Kubwa kupita zote ilikuwa ng'ombe. Mtu alimtumikia mwenye mifugo, akapewa ng'ombe, akainuka mbele za watu: ndio ubugabire. Tukumbuke upande wake wa pili. Ng'ombe yule alimfunga aliyempokea. Alibaki mtu wa yule aliyempa, akimlimia, akimfuata, akinyenyekea. Heshima ilitoka juu, na kamba yake ikabaki mkononi mwa mtoaji.

Nalisema hili kwa sababu naona hatari ileile katika zawadi za leo. Tajiri analeta jezi zenye jina lake. Mtu anayetaka kura analeta mpira na picha. Mchezaji aliyejitolea kwa moyo anasimamishwa kando ya mtoaji, na kuanzia siku ile utumishi wake unaitwa wa fulani. Heshima ninayoiomba iwe kinyume cha hiyo. Itoke kwa waliotumikiwa. Mama aliyebebwa kwenye machela ndiye mwenye haki ya kusema. Kitongoji kilichopata maji ndicho kinachojua kama maji yanatoka. Chuo, halmashauri na mfadhili wachangie, tunawashukuru. Lakini hukumu iwe ya wenyeji, na aliyeheshimiwa asiwe na deni kwa mtu yeyote.

Nitoe pendekezo linaloweza kuanza muhula ujao, maana mhadhara usio na kazi ya kesho ni kelele. Kila chuo cha eneo letu kibandike ubao wa matangazo wenye misimamo miwili. Wa kwanza ni ule mnaoujua: mechi, ushindi, sare, mabao. Wa pili uwe na mambo manne tu: timu, kazi iliyofanywa, mahali, na jina la kiongozi wa kitongoji aliyeithibitisha. Nahodha wa kila timu, ya mpira wa miguu, ya pete, ya wavu, awe na daftari. Kazi ikimalizika, mwenyekiti wa kitongoji atie sahihi. Miezi mitatu ikipita, watu wawili wa kamati waende pale pale waangalie. Chemchemi iliyojengewa mawe na wanachuo ikiwa bado inatiririka safi, pointi zinakuwa kamili. Ikiwa imeziba na hakuna aliyerudi kuizibua, pointi zinapungua. Miti iliyopandwa ihesabiwe iliyo hai. Shimo lililochimbwa siku ya picha halina pointi.

Siku ya fainali isomwe misimamo yote miwili, na wa pili usomwe kwanza, watu wakiwa bado hawajatawanyika. Mchezaji mmoja wa kike na mmoja wa kiume waitwe mbele. Aliyetumikiwa ndiye amkabidhi cheti, na chuo kiandike kazi ile kwenye barua ya sifa atakayokwenda nayo kuomba ajira. Kikipatikana kifuko, kilipe sehemu ya ada. Na majina yapelekwe mbele, kwenye michezo ya vyuo vya ualimu, UMISAVUTA, na kwa wanaosimamia UMISSETA mashuleni, ili jambo hili lisife likiwa la chuo kimoja.

Nchi yetu iliwahi kupima watu kwa namna kama hii. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba anayetaka chuo kikuu kwanza afanye kazi, na wanaofanya naye kazi waeleze mwenendo wake. Utaratibu ule uliachwa baadaye, na ulikuwa na udhaifu wake: neno la mtu mmoja lingeweza kumfungia kijana mlango. Ndiyo maana nasisitiza daftari la wazi na wathibitishaji wengi. Wazo lenyewe, kwamba elimu inadaiwa na wakulima wanaoilipia, bado lina uzito.

Najua maswali mliyonayo. Mtauliza: anayejitolea kwa kutafuta pointi amejitolea kweli? Nami nauliza: mtoto anayefundishwa kuamkia wazee, hapo mwanzo anaamkia kwa moyo au kwa kuogopa kuulizwa? Adabu huanza na desturi, moyo ukaifuata njiani. Wale wanane hawakuhitaji pointi, nakubali. Lakini kwenye chuo chenye mamia ya wanafunzi wapo wengi ambao mioyo yao ni mizuri na hakuna aliyewahi kuwaita. Msimamo wa pili ni mwito.

Mtauliza pia kuhusu masomo, kwa sababu mazoezi tayari yanakula jioni zenu. Mwalimu mtarajiwa aliyemfundisha mtoto wa kijiji kusoma kila Jumamosi amefanya mazoezi ya ualimu. Mwanachuo wa afya aliyekwenda nyumba kwa nyumba kueleza matumizi ya chandarua amefanya mazoezi ya afya. Mwanafunzi wa ufundi aliyerekebisha paa la darasa ameongeza ujuzi wa mkono wake. Utumishi unaochaguliwa vizuri unarudi darasani ukiwa umenona.

Mwisho nirudi kwenye karatasi yangu. Sikuitupa. Ilikaa miaka mingi ndani ya kitabu cha kuandalia masomo, na nyuma yake, usiku uleule baada ya sherehe, niliandika kwa penseli majina manane, nikapiga mstari chini yake. Penseli imefifia, majina mawili nayasoma kwa kuyakumbuka zaidi kuliko kwa kuyaona. Sikupata tena siku ya kuyasoma kwenye kipaza sauti, na wenyewe wametawanyika, wengine ni walimu, wengine wakulima, mmoja hatunaye.

Leo kabla ya kupanda hapa nimemkabidhi mwalimu wa michezo wa chuo chenu daftari jipya, kurasa mia moja, na rula. Nimemwomba apige mistari ya ukurasa wa kwanza kesho asubuhi, aubandike mfano wake kando ya msimamo wa ligi, na auache wazi. Manahodha, ninyi mtaujaza. Nawe utakayeshika kipaza sauti siku ya fainali yenu, tafadhali mwanangu, anza na karatasi hiyo.